Nilipoondoa "wa" Katika Majina

Jina langu linaanza kwa herufi mbili, w na a. Ukiziondoa hizo, kinachobaki ni zimwi. Sitaliandika jina lenyewe hapa. Aliyelelewa kwa Kikuyu ameshalijua, na ambaye hakulelewa hivyo atosheke na hili: katika hadithi tulizosimuliwa utotoni kuna jitu linalokula watu, lenye mdomo wa pili kisogoni uliofichwa na nywele, na neno la kuliita jitu hilo ni jina langu likikatwa kichwa. Wanawake wenye jina hili ni wengi kwetu. Wanauza viazi, wanafundisha, wanaimba kwaya, na hakuna anayefikiria zimwi akiitwa. Hata mimi sikuwahi kulifikiria mpaka siku nilipolitoa mwenyewe, saa nne kasorobo asubuhi, kikombe cha chai mkononi.

Jina nilipewa la shosho, mama yake baba, kama desturi yetu ilivyo kwa binti wa kwanza. Kwa sababu hiyo yeye hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita "Jina" tu. "Jina, umekula?" "Jina, mbona umekonda hivyo?" Akiwa na furaha alitaka nami nimwite vivyo hivyo, na tukikaa jikoni kwake Dundori tuliitana Jina, Jina, mchana kutwa, mpaka mgeni asijue nani anamwita nani. Nilipokuwa mdogo niliamini kabisa kwamba mimi na yeye ni mtu mmoja aliyezaliwa mara mbili. Alipokuwa akinikaripia, nilimwambia anajikaripia mwenyewe.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Ofisi yetu iko Nakuru mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hiyo tunafanya kazi siku nzima tukinusa dawa ya kupe. Wakati huo tulikuwa tumepata kazi ya kliniki moja ndogo ya huko huko Dundori. Sista wa kliniki, muuguzi wa siku nyingi, alikuwa na wazee wake wa presha na sukari ambao walisahau siku za kuja kupimwa na kuchukua dawa. Tukamtengenezea mpango wa simu. Siku moja kabla ya kliniki, saa nne kamili asubuhi, kompyuta inampigia kila mzee, na sauti inamwambia: "Habari," kisha jina lake, kisha, "Kesho tunakusubiri. Usikose kuja."

Sauti yenyewe ilikuja ikiwa tayari. Ni ya mwanamke asiye na umri, Kiswahili chake kimenyooka kupita kiasi, haikohoi wala haivuti pumzi. Sista alipoisikia mara ya kwanza alisema inaongea kama mtu aliyepigwa pasi. Tulicheka, na mimi nikaizoea.

Majina yalitoka kwenye kadi ambazo sista alikuwa ameandika kwa mkono kwa miaka mingi. Wazee wetu hawana habari na jina la kwanza na jina la mwisho. Ukimuuliza mtu jina atakuambia yeye ni fulani wa fulani, wa baba yake au wa mume wake, na sista aliandika alivyoambiwa. Mara aliandika "wa", mara "Wa", na akiwa na haraka aliandika kwa herufi kubwa zote. Kumbe kwenye kitambulisho cha taifa hiyo wa haipo, na majina ya kadi yakakataa kulingana na majina ya vitambulisho.

"Hebu toa hizo wa zote, bana, tumalize hii kitu leo," bosi wangu alisema akiwa mlangoni, funguo za gari mkononi.

Nilikuwa nimemkasirikia. Wiki hiyo alikuwa ameninyima ruhusa ya Ijumaa, na mimi nikikasirika hufanya kazi haraka haraka ili mtu aone kwamba sina shida naye. Ni ugonjwa, najua. Nikachukua faili lote, nikageuza kila kitu kiwe herufi ndogo, nikaandika mstari mmoja:

faili.lower().replace("wa", "")

Kwa asiyejua mambo haya, mstari huo unasema hivi: popote utakapokuta w ikifuatwa na a, ziondoe, na mahali pake usiweke kitu. Ndivyo nilivyosema, na kompyuta haina tabia ya kukuuliza kama kweli ulimaanisha hivyo. Wa niliyoitaka ni ile inayosimama peke yake katikati ya majina mawili, yenye nafasi tupu kabla yake na nafasi tupu baada yake. Nilipaswa kuandika nafasi, wa, nafasi. Nafasi hizo mbili hazionekani kwa macho, na mimi nilizisahau.

Basi mstari wangu ukapita katika faili ukikata kila wa uliyoikuta. Wanawake wa Dundori, ambao karibu nusu yao majina yao huanza hivyo, wakabaki bila vichwa. Wanaume wengi wakatobolewa katikati. Na kwa kuwa nilikuwa nimeuelekeza mstari huo kwa faili zima badala ya kutaja sehemu ya majina peke yake, hata maelezo ya sista yaliguswa. Dawa ikawa da. Watu ikawa tu. Pale alipoandika kwamba nyumbani wote ni wazima, pakasomeka wote ni zima.

Sikuangalia. Nilihifadhi kazi yangu juu ya faili la zamani, kosa ambalo mtu mwingine akilifanya ninamfokea mbele za watu, nikaenda kuongeza chai. Saa nne ikafika na simu zikaanza kupigwa.

Sista alinipigia kabla chai haijapoa. Alikuwa anacheka.

"Madam, hawa wamama wangu leo umewaita nani?"

"Kwani wameitwaje?"

"Majina zao zimekatwa vichwa. Kuna mmoja ameniuliza kama ni redio inamchezea. Na wale wa jina lako, hao sitarudia vile wameitwa, mimi nimeokoka."

Nilisimamisha simu zilizobaki. Uso ulinichoma kwa aibu, kisha nikacheka, maana sista alikuwa anacheka na akina mama wenyewe, alisema, walikuwa wanapigiana kuulizana kila mmoja ameitwaje. Nilimkumbuka shosho. Alikuwa kwenye orodha hiyo. Nilifikiri yeye ndiye atakayecheka kuliko wote, na kwamba nikipanda Dundori ataniita zimwi mwaka mzima.

Wiki moja ilipita. Sista akanipigia tena, na safari hii hakucheka.

"Shosho yako hakukuja kliniki. Nimemtumia mtu, akaambiwa haji tena. Dawa alizokuwa nazo pia amewacha. Wewe unajua presha yake si ya kucheza nayo."

Nilijua. Mwaka uliotangulia mdomo wake ulikuwa umeenda upande kwa siku nzima na mkono wa kushoto ukakataa kushika kikombe. Vyote vilirudi vyenyewe, na daktari akatuambia tusitegemee kwamba safari nyingine vitarudi. Nilimpigia shosho simu. Haikuwa inapatikana. Nilipiga mpaka jioni, na kesho yake nikapiga tena, na Jumamosi asubuhi nikapanda kwenda kwake.

Dundori huwa na ukungu mpaka karibu saa sita, na siku hiyo ulikuwa umeshuka hadi kwenye ua. Niliona lango, nikaona mwanzo wa mistari ya viazi, basi. Nikaita kutoka langoni. "Shosho!"

Watu wa umri wake hawaitikii sauti ya mtu wasiyemwona. Kwetu mtoto hufundishwa hivyo kabla hajajua kufunga kifungo: ukisikia jina lako na humuoni anayeliita, nyamaza. Lakini mimi alinijua kwa sauti, na siku zote aliitikia "Jina!" kabla sijamaliza kuita. Niliita mara ya pili. Ng'ombe akageuza shingo. Niliita mara ya tatu huku nikitembea, na nilipofika karibu na jiko nikamkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, anamenya viazi, ananitazama moja kwa moja. Alikuwa ananiona tangu ua ulipoishia.

"Nimekusikia," alisema. "Nilitaka nione uso kwanza."

Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka viatu vya plastiki vimemwachia alama. Katikati ya uwanja kulikuwa na sufuria kubwa, ile ya sherehe, imepinduliwa, na juu yake jiwe. Nilimuuliza kuna nini chini yake. Akasema simu.

"Kwa nini umeifunika?"

"Inaita."

"Imezimwa, Shosho. Nimekupigia siku mbili."

"Hata ikizimwa," alisema, akatupa kiazi kwenye maji.

Tuliongea Kikuyu, kama tunavyoongea siku zote, na ninayoandika hapa ni kwa Kiswahili changu. Alinisimulia bila kunitazama. Alizaliwa kwenye shamba la mzungu, nyumba za wafanyakazi, na hakuzaliwa peke yake. Walikuwa wasichana wawili. Yeye alitoka mkubwa, akilia, na mwenzake alikuwa mdogo wa kutosha kiganjani. Maziwa ya mama yalikuwa haba. Siku chache baadaye yule mdogo akafa kabla hajapewa jina. Sikuwa nimewahi kulisikia jambo hili. Baba yangu hakulijua pia, nilikuja kumuuliza.

"Nilipokuwa mkubwa wa kubeba kikapu," shosho alisema, "tulikuwa tunachuma maua ya pareto, mimi na mama tu. Nikasema nina njaa. Mama akasimama, akaniangalia muda mrefu. Akaniita. Hakuniita kwa jina langu. Aliondoa pale mbele, akaniita hilo lingine. Akasema, umemla mwenzako na bado una njaa."

Alimenya kiazi kingine mpaka kikaisha.

"Hakurudia tena maisha yake yote. Na hapakuwa na mtu. Nilikuwa mimi, yeye na pareto. Mama amekufa, wazungu wamekwenda, shamba limekatwakatwa. Sasa niambie hiyo simu yako ilijuaje."

Nilimwambia ukweli wote: kadi, vitambulisho, bosi, hasira zangu. Nilimwambia ni mimi. Alipoonekana haelewi, nilichukua kipande cha mkaa jikoni nikaandika jina letu sakafuni, kubwa, maana anasoma Biblia yake ya Kikuyu polepole na herufi anazijua. Kisha nikaweka kiganja juu ya herufi mbili za mbele, nikafuta.

"Unaona, Shosho? Ni hizi mbili tu. Nilitoa hizi mbili kwa bahati mbaya."

Aliinama akasoma kilichobaki. Alisoma kwa midomo.

"Mama pia alitoa hizo mbili tu," alisema.

Nikamwambia haikuwa yeye peke yake, kwamba nilizitoa kwa kila mtu, Dundori nzima. Aliuliza kama wote waliambiwa kwamba kesho wanasubiriwa. Nikasema ndiyo, wote.

"Basi hao wengine hawakujua ni nani anawasubiri," alisema. "Mimi nilijua."

Nilikasirika. Ninaona haya kuandika lakini ndivyo ilivyokuwa, nilimfokea mzee wa watu aliye na miguu iliyovimba. Nilimwambia ni mashine, ni mstari mmoja wa ujinga wangu, na kwamba akiacha dawa atakufa na nitakuwa nimemuua mimi. Alingoja nimalize. Akasema mkono ulikuwa wangu, hilo anakubali, lakini aliyenituma simjui. Akasema miaka yote aliyokula ni ya watu wawili, na kwamba akiitwa kurudisha, ataenda. Alisema kwa upole, kana kwamba ananieleza njia ya kwenda sokoni, na upole wenyewe ndio ulioniliza. Nilikaa chini pale pale sakafuni, juu ya jina letu, nikalia mpaka sketi ikashika masizi.

Kabla sijaondoka nilimwomba jambo moja. Kwa waliokosa, sista alikuwa amepanga kliniki nyingine siku chache mbele. Nilimwambia nitatengeneza kosa langu, na simu itakapopigwa nitakuwa nimekaa hapa pembeni yake. Ikimwita kwa jina lake zima, arudie dawa. Ikimwita vile tena, sitamsumbua.

"Mara moja," alisema.

Jumatatu nililifungua lile faili lililoharibika. Nilitaka kujua ni kiasi gani kimepotea kabla ya kuanza upya, kwa sababu la zamani lilikuwa limeshafutika na sasa majina yalibaki kwenye kadi za sista peke yake. Niliteremka mstari kwa mstari, mtu baada ya mtu, mpaka nikafika kwa shosho. Hapo palikuwa na zimwi, kisha jina la babu, kisha namba ya simu. Mwisho wa mstari, mahali pa maelezo, palikuwa na maneno mawili.

toto hapo

Nilisoma tena. Nje mtu alikuwa anapiga honi na chini harufu ya dawa ya kupe ilikuwa inapanda kama kawaida. Nilijua kabisa kilichotokea. Sehemu hiyo ya kadi sista huandika kama mzee ana mtu wa kumsaidia nyumbani, na kwa shosho alikuwa ameandika, watoto hawapo. Ukiondoa wa mbili unapata hayo niliyokuwa nikiyatazama. Ningeweza kumweleza mtoto wa darasa la tatu akaelewa. Hata hivyo nilifunga kompyuta, nikashuka chini, nikaingia kwenye lile duka la dawa za mifugo na kusimama katikati ya watu bila kununua kitu. Mwenye duka akaniuliza, "Sema boss, unatafuta nini?"

Niliporudi juu jambo lingine lilinichoma, na hili halikuwa la kutisha. Watoto hawapo. Sista alikuwa ameandika kweli tupu. Baba yuko Mombasa na kazi yake, shangazi zangu wameolewa mbali, na mimi niliye karibu kuliko wote sikuwa nimepanda Dundori tangu Krismasi.

Nilichukua kadi zote kwa sista nikaziandika upya kwa mkono wangu, moja moja, siku tatu. Bosi aliniuliza kwa nini situmii njia ya mkato. Niliendelea kuandika, akaenda zake. Mwishowe niliandika ule mstari vizuri:

replace(" wa ", " ")

Nafasi, wa, nafasi. Na mahali pake nafasi moja, ili majina mawili yasigandane. Safari hii nilitaja sehemu ya majina peke yake. Nilisoma kila jina kwa sauti. Nililipiga la shosho kwenye simu yangu mwenyewe mara nyingi, na kila mara sauti ile iliyopigwa pasi ilinisalimia kwa jina langu zima, ikaniambia kesho inanisubiri. Niliendelea kuogopa.

Siku yenyewe nilifika kwake saa tatu. Ukungu ulikuwa pale pale. Tulitoa jiwe, tukapindua sufuria, nikafuta umande kwenye simu na kuiwasha. Shosho alikuwa amevaa kitambaa cha kanisani. Tuliiweka simu juu ya kigoda, sisi tukakaa kwenye benchi, na dawa zake nikaziweka kati yetu kwenye kisahani. Hakuziangalia.

Saa nne ikaita. Nilibonyeza.

"Habari," sauti ilisema, ikalitaja jina letu, lote, kuanzia w. "Kesho tunakusubiri. Usikose kuja."

Shosho alisikiliza mpaka simu ikakatika.

"Huyo ni mimi," alisema.

Nikasukuma kisahani kuelekea kwake. Hakukishika.

"Na yeye?"

"Nani, Shosho?"

"Mwenzangu. Mimi umenirudishia herufi zangu. Yeye hakuwahi kuitwa na mtu yeyote. Hata mama hakumwita."

"Hana jina."

"Najua hana. Muite hivyo hivyo."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa nimeshinda, jina lilikuwa limetoka zima, ahadi ni ahadi. Lakini alikuwa ananitazama kwa uso ambao nitakuwa nao mimi nikizeeka, na sikuweza. Nilitoa kompyuta kwenye mkoba, nikaiweka magotini, nikafungua orodha. Niliongeza mstari chini ya wake. Namba ya simu, ile ile. Kwenye jina sikuandika kitu, lakini programu haikubali pakiwa patupu kabisa, niliiandika mimi ikatae. Basi nikabonyeza nafasi. Nafasi moja. Kisha nikaituma.

Lazima nieleze kitu hapa. Najua programu yangu inavyofanya kazi. Nafasi tupu haisomwi. Sauti inatakiwa kupita moja kwa moja bila kusita, habari kesho tunakusubiri, kama mtu aliyeruka dimbwi bila kulitazama. Nilikuwa nimejaribu hivyo zamani na ndivyo ilivyofanya.

Simu ikaita. Nilibonyeza.

"Habari," sauti ilisema.

Kisha kimya. Nilitazama simu nikidhani imekatika, na haikuwa imekatika, sekunde zilikuwa zinahesabika kwenye kioo. Ng'ombe aliacha kutafuna. Kutoka kwenye simu kulikuwa na kitu, si sauti, ni ule upana unaousikia mtu akiwa ameshika simu upande wa pili na hasemi. Shosho aliinama mpaka kitambaa chake kikagusa kigoda. Aliongea polepole, kama anayeongea na mtoto aliyelala.

"Maziwa niliyanywa yote," alisema. "Sikujua."

Alingoja.

"Kesho tunakusubiri," sauti ilisema. "Usikose kuja."

Simu ikakatika. Nilijiambia ni mtandao, Dundori mtandao huwa mbaya ukungu ukishuka, na mpaka leo ndivyo ninavyojiambia. Shosho aliinuka akajipangusa magoti. Akaomba maji. Alimeza dawa zake moja baada ya nyingine, akafunga macho kila alipomeza, kisha akaniuliza kama nimekula.

Hajakosa kliniki tangu siku hiyo. Miguu imepungua, mkono wa kushoto unashika kikombe. Mimi hupanda kila Jumamosi, na sista amebadilisha maelezo kwenye kadi yake, ameandika mjukuu yupo. Kila mwezi, siku moja kabla ya kliniki, simu ya shosho huita mara mbili. Ya kwanza huisikiliza akiendelea na kazi. Ya pili huketi.

Juzi sista alinipigia. Alikuwa anapitia orodha.

"Madam, kuna laini hapa haina jina, na huyo mtu hajawahi kuja hata siku moja. Nitoe?"

"Hiyo wacha."

"Na hapa kwa maelezo umeandika 'hapo'. Hapo wapi?"

Nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu, lakini nilimwambia ni makosa ya kompyuta, asiiguse.